Ulinzi wa Usiku na Kamera Zionazo Joto

(Hotuba iliyosomwa na Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi, Idodi)



Wenzetu waliotutangulia kusimama hapa wameeleza habari njema za miaka kumi: ghala, mizani, mbolea, na bei ya mpunga. Sisi imetuangukia habari ya giza. Hatulalamiki, maana kila gunia lililotajwa katika taarifa ya Mhazini lililala shambani siku nyingi kabla ya kufika ghalani, na katika siku hizo alikuwapo mtu aliyekesha kwa ajili yake.

Mbele ya mkutano huu limo ombi la vyama vitatu vya msingi, kwamba Umoja ununue kamera zionazo joto: mbili kwa mashamba yaliyo upande wa hifadhi, na moja kwa ghala kuu. Halmashauri haikulikataa ombi hilo, wala haikulikubali. Imetuagiza tueleze kamera hizo ni kitu gani, zimefanya kazi wapi, na zitatudai nini, kisha ninyi wenyewe mwamue.

Hapana mtu wa Idodi, Mapogoro, Tungamalenga wala Makifu ahitajiye kuambiwa kwa nini jambo hili limeletwa. Twakaa kando ya njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Tembo wa nchi hii ya Ruaha na Rungwa walipungua sana kwa ujangili: hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa zaidi ya 30,000, na ile ya mwaka 2013 ilikuwa kama 20,000. Lakini mkulima aliye juu ya dungu hahesabu maelfu. Ajaye shambani mwake aweza kuwa mmoja tu, na mmoja huyo atosha kulala na jasho la masika nzima.

Tumezoea njia zetu. Tunapiga madebe, tunawasha moto, tunamulika kwa kurunzi. Wako waliofunga kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu, na wako waliotundika mizinga ya nyuki. Njia hizi zina faida, wala hatusimami hapa kuzidharau. Hatari kubwa haiko katika kumfukuza tembo. Hatari iko kabla ya hapo, mtu anaposhuka dunguni kwa kusikia mabua yakivunjika, akaenda kutazama, akamkuta mnyama hatua kumi mbele yake, wote wawili wameshtuka. Tena wakeshao si wanaume peke yao. Mama zetu hukesha, na watoto hukesha nao, kisha asubuhi mwalimu huwakuta wanasinzia darasani. Kanuni za Serikali za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao, kiwango cha juu kikiwa shilingi 100,000 kwa eka, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama. Majina yenyewe ya malipo hayo yaonyesha kwamba aliyeyatunga alijua hayalingani na kilichopotea.

Basi kamera hiyo ni nini? Mwaka 1800 huko Uingereza mtaalamu wa nyota aliyeitwa William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu, nao ukatawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika rangi moja moja. Kisha akakiweka kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na huko kipimajoto kikapanda kuliko kwingine kote. Akajua kwamba iko miale isiyoonekana. Sisi sote twaijua miale hiyo ingawa hatukuisoma: mama akiisha kuondoa chungu, na jiko limeacha kuwaka wekundu, kiganja chake kikikaribia bado chasikia joto. Kila kitu hutoa miale hiyo, mtu, ng'ombe, jiwe, hata maji baridi, ila chenye joto zaidi hutoa zaidi. Kamera ya joto ni kama kiganja chenye maelfu ya vidole vidogo mno, kila kidole kikipokea joto la upande wake na kuligeuza kuwa nukta nyeupe au nyeusi katika picha. Haihitaji mbalamwezi, wala taa, wala nyota.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa kuwa chama chetu kimekwisha kulipa ada ya somo hili.

Ziko kamera za namna tatu ambazo wauzaji huziita zote za usiku. Ya kwanza huchukua mwanga mdogo wa nyota na kuuzidisha. Katika giza kamili haina la kufanya. Ya pili ina taa zake yenyewe, duara la taa ndogo kulizunguka jicho, zitoazo miale iliyo karibu na nyekundu ambayo sisi hatuioni. Huona hadi pale taa zake zinapofika, basi. Hizi ndizo zilizojaa madukani, na bei yake ni nafuu. Ya tatu ndiyo ya joto.

Katika mwaka wa saba wa Umoja huu tulinunua kamera nne kwa ghala, kutoka duka moja la mjini. Tuliambiwa ni za joto. Sisi tulioshika kalamu ndio tuliotia sahihi stakabadhi, na hatukuuliza swali hata moja. Zilikuwa za namna ile ya pili. Usiku mmoja yakaibwa magunia 14 ya mpunga. Mlinzi wetu, mzee aliyelilinda ghala lile tangu lilipoezekwa, alisema kwamba alisikia gari upande wa nyuma, akapiga filimbi, na asipate msaada. Tukafungua picha za usiku ule. Zilikuwa nyeupe tupu, kwa sababu buibui alitanda utando mbele ya jicho la kamera, na taa zake zikaumulika utando pamoja na vumbi la pumba. Lakini hilo la buibui tulilijua baadaye. Usiku wa kikao tulisema hivi: kamera haikuona gari, basi gari halikuwapo. Tukamwachisha kazi yule mzee, na watu wakasema waliyosema.

Baada ya miezi mitatu magunia yenye chapa yetu yalionekana kwenye mashine ya kukoboa ya mbali, na waliyoyachukua wakaeleza wenyewe kwamba walikuja kwa lori na kupita nyuma. Tulikwenda nyumbani kwa mzee na mshahara wa miezi mitatu. Alipokea fedha, akatukaribisha uji, akakataa kurudi kazini. Twaona haya kulisema hili siku ya sherehe, lakini limo katika daftari la mikutano, na yafaa liwemo katika kitabu hiki pia. Tena tuliongeze hili: hata kamera ya joto ya kweli isingaliliona lori lile. Tuliielekeza mlangoni, na joto halipenyi ukuta.

Mtu akitaka kuijua kamera ya joto dukani, afanye mambo mawili. Aweke kipande cha kioo cha dirisha mbele yake. Kamera ya taa huendelea kuona. Ya joto hupofuka, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia miale ile. Ndiyo sababu jicho la kamera ya joto halitengenezwi kwa kioo bali aghalabu kwa jemaniamu, ambayo ni ghali, na hapo ndipo sehemu moja ya bei yake inapotoka. Kisha aweke kiganja ukutani kwa kitambo kidogo, akiondoe. Kamera ya joto itaonyesha alama ya vidole vitano ikififia polepole, ingawa ukuta ni mtupu.

Wanachama wengine wamesema kwamba vitu hivi ni vya Ulaya, na kwetu ni vigeni. Si vigeni sana. Mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha, ulioanza mwaka 2009, uliwapa wanavijiji wa pande hizi kamera ndogo zifungwazo mtini. Kila mnyama wa porini apigwaye picha katika ardhi ya kijiji hukipatia kijiji alama, na alama hugeuzwa kuwa msaada wa shule, wa zahanati, na wa dawa za mifugo. Kamera zile hulala hadi chombo kidogo ndani yake kiguswe na joto la kiwiliwili kipitacho. Ndipo huamka na kupiga. Hazichori picha ya joto, lakini tayari zinalisikia joto. Vijana wetu waliozibadilisha betri wanajua mengi kuliko wanavyodhani.

Sasa tuseme zilikofanya kazi. Katika nchi jirani ya Kenya, shirika la WWF, kwa kamera za kampuni ya FLIR na kwa fedha zilizotoka Google, lilifunga kamera ya joto juu ya gari la askari wa doria wa Maasai Mara mwezi wa Machi 2016. Kabla ya hapo askari walikwenda usiku kwa kurunzi, na mwenye kurunzi huonekana kwanza kabla hajaona. Kufikia Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba majangili zaidi ya ishirini wamekamatwa kwa msaada wake. Mwaka 2019 ukatangazwa mpango wa kupeleka kamera hizo katika hifadhi kumi za Kenya zenye vifaru, na katika mwaka 2020 Kenya haikupoteza kifaru hata mmoja kwa ujangili, jambo lisilotokea tangu 1999. Hatusemi kamera ndizo zilizoleta hayo peke yake; mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa korona, na safari zilikatika duniani pote.

Na hapa kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulieleza jinsi askari wa wanyamapori karibu na Tarangire na Serengeti walivyotumia ndege ndogo zisizo na rubani kuwasukuma tembo watoke mashambani. Tembo huuchukia mvumo wake, pengine kwa kuwa wafanana na wa nyuki. Ndege ya namna hiyo ikibebeshwa kamera ya joto yaweza kuwatafuta tembo gizani. Lakini yahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mtu aliyefundishwa kuirusha, nasi hatuoni kwamba Umoja wetu umefika huko.

Tazameni lakini jambo moja katika habari hizo. Kule Mara kamera ilikaa juu ya gari, na ndani ya gari walikuwamo askari. Kati ya kuona na kwenda palikuwa na dakika chache. Sisi twaomba kamera. Katika ombi lenyewe hatukusoma neno lolote juu ya gari wala askari.

Yapo na mengine ambayo muuzaji hatayasema asipoulizwa. Juu ya sanduku la kamera huandikwa umbali, mathalan mita 1,000. Huo aghalabu ni umbali wa kujua kwamba kipo kitu, si wa kujua ni kitu gani. Mmarekani John Johnson alilipima jambo hili mwaka 1958, na hesabu yake bado inatumika: ili ujue kipo kitu, chatosha kijaze nukta mbili hivi, ili ujue ni mtu au mnyama, zahitajika kama nane, ili umtambue barabara, kama kumi na tatu. Basi na tufanye hesabu kwa mashamba yetu. Twaa kamera itazamayo upana wa nyuzi 20. Kwa umbali wa mita 500 huona upana wa mita 176. Ikiwa ni ya bei ndogo, yenye nukta 160 kwa upana, kila nukta ni zaidi ya mita moja. Tembo aliyesimama kwa ubavu, mwenye urefu wa mita 5, atakuwa nukta nne au tano. Mtu aliyesimama wima hafiki hata nukta mbili. Kamera yenye nukta 640 itampa tembo nukta 18 na mtu nukta sita. Ya kwanza mtu huweza kuipata kwa mamia ya dola; ya pili, pamoja na mnara na waya na betri zake, ni maelfu mengi. Wanachama wasilaumu Halmashauri baadaye kwa kununua ile ya kwanza, kama leo watapiga kura ya kununua ile ya kwanza.

Kadhalika nchi yetu ni ya joto. Mawe na kingo za mifereji hunywa jua mchana kutwa, na machweo yakifika huwa na joto karibu sawa na la ngozi ya mnyama. Saa hiyo picha hufifia. Usiku ukienda, nchi hupoa, na picha husafika. Mvua kubwa na ukungu mzito huipunguzia kamera nguvu. Mabati mapya ya ghala yatawashangaza: huonekana kana kwamba yana baridi ya barafu, kwa sababu hayaonyeshi joto lake bali hurudisha ubaridi wa mbingu, kama kioo cha kujitazamia. Mlinzi asiyefundishwa ataona maajabu mengi, na kila siku atatuamsha bure, hata siku ya kweli tusiamke.

Mhazini ametuuliza kama kamera hiyo yaweza pia kuonyesha mpunga unaopata moto ndani ya magunia kwa unyevu na wadudu. Yaweza, lakini kwa kuchelewa, maana mpunga haupitishi joto upesi, na upande wa nje hujulikana mwisho. Kwa kazi hiyo fimbo ya chuma yenye kipimajoto, ichomwayo katikati ya rundo, ni bora na ni rahisi. Tumekwisha kuiandika katika makisio ya mwaka ujao.

Lililotusumbua kuliko yote hatukulisoma mahali. Tulilipata katika mazungumzo na wagawaji maji. Mkulima wa mpunga hutoka usiku. Zamu yake ya maji ikiangukia saa nane, saa nane hiyo atakuwa mferejini na jembe lake. Katika kamera ya joto hana uso wala jina; ni umbo jeupe limeinama penye lango la maji. Mwizi wa maji naye ni umbo jeupe limeinama penye lango la maji. Kadhalika mchungaji anayemtafuta ndama wake, na mama anayemkimbiza mtoto mgonjwa zahanati kwa njia ya mkato. Sisi tuliomhukumu mtu kwa picha nyeupe mara moja, tutafanyaje tutakapokuwa na picha nyeupe kila usiku? Halmashauri imependekeza kwamba popote itakapowekwa kamera, daftari la zamu za maji liwe mkononi mwa mtazamaji. Kwamba picha peke yake isiwe ushahidi wa kumwadhibu mwanachama wala mwajiriwa. Na kwamba, kwa kuifuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iandikwe tangu mwanzo ni nani aruhusiwaye kuzitazama picha na zitatunzwa siku ngapi. Isielekezwe nyumba ya mtu. Hili la mwisho lilipita bila ubishi.

Rai yetu sisi, maadamu tumeulizwa, ni kwamba kamera ya ghala ingoje. Ghala lahitaji kwanza taa upande wa nyuma, uzio, na walinzi wawili badala ya mmoja, ili apigaye filimbi apate wa kumwitikia. Kwa mashamba rai yetu ni nyingine. Kamera moja ya kushika mkononi, ya nukta za kadiri, kwa kundi la wakeshaji wa upande wa hifadhi, yaweza kumzuia mtu asishuke dunguni kwenda kutazama. Atatazama akiwa juu, atajua ni tembo na wako wangapi, naye atawaita wenzake na askari wa wanyamapori wa kijiji kwa simu kabla ya mtu yeyote kuingia gizani. Hayo twaweza kuyamudu.

Lakini twataka majibu kabla ya fedha. Kila chama kilichotia sahihi ombi kirudishe majina ya watu sita watakaopokezana kamera, wanawake wakiwamo. Kiseme ni nani atakayechaji betri na wapi. Kiseme nani atapigiwa simu kwanza, na yeye mwenyewe awe amekubali. Karatasi ziko kwa karani, meza ya karibu na mlango. Zirudi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ili Halmashauri ikae kabla mpunga haujachanua.

Tumeazimwa kamera moja ndogo kwa siku ya leo. Itaonyeshwa saa mbili na nusu usiku, nyuma ya ghala, ukuta ukiisha kupoa. Atakayependa aje aweke kiganja chake.